Mtoto Mnene Hasaidiwi kwa Dhihaka

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri, Kisumu)

  

Mada niliyopewa leo ni kuhusu mtoto ambaye uzito wake umezidi. Huenda mtu akauliza, kwani shida yetu si njaa? Ni kweli, njaa ipo. Uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya nzima mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 wa chini ya miaka mitano, kama 18 wamedumaa, na kama 3 tu ndio wenye uzito uliozidi. Lakini kwa akina mama, zaidi ya wanne katika kila kumi wana uzito uliozidi. Maana yake ni kwamba mambo haya mawili yanaishi mtaa mmoja, pengine nyumba moja. Na duniani kote, Shirika la Afya Duniani lilihesabu mwaka huo huo watoto na vijana zaidi ya milioni 390, wa miaka 5 hadi 19, wenye uzito uliozidi.

Sisi tuna tabia mbili zinazopingana. Mtoto akiwa mdogo tunamsifu, "Mashallah, amenawiri!" Tunaogopa kukonda, kwa sababu watu wa Nyanza tumeona maradhi yakiwakondesha wapendwa wetu. Lakini mtoto yule yule akifika miaka tisa au kumi, sifa inageuka kuwa kicheko. Anaitwa Kibonge, anaitwa Gunia. Shangazi anakuja siku ya Idi, anamtazama anavyopakua pilau, anasema mbele ya wageni, "Basi wengine tutakula nini?" Watu wanacheka, na mtoto mwenyewe anacheka. Jamani, kicheko kile kisitudanganye. Mtoto huyo kesho hataki kwenda uwanjani kucheza mpira, kwa sababu atachekwa akikimbia. Anaanza kula kwa kujificha. Hata madrasa anatafuta kisingizio asiende. Dhihaka tuliyodhani itampunguza mwili inamuongezea upweke, na upweke humrudisha kwenye chakula.

Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat, aya ya 11, ametukataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Wala hakuna aliyeruhusiwa kumfanyia hivyo mtoto kwa kuwa eti ni wake. Tukumbuke pia kisa cha Abdullah bin Mas'ud (R.A.). Yeye alikuwa mwembamba, na siku moja watu waliziona miundi yake nyembamba wakacheka. Mtume (S.A.W.) aliwaambia kwamba miundi hiyo ni mizito kwenye mizani kuliko mlima Uhud. Ikiwa mwembamba hakuchekwa mbele ya Mtume bila kutetewa, basi na mnene naye ana haki hiyo hiyo.

Sasa, tumsaidie vipi?

Kwanza, tusihukumu kwa macho. Mtoto anakua, na wengine hunenepa kidogo kabla ya kurefuka. Apelekwe kituo cha afya, apimwe urefu na uzito, vilinganishwe na umri wake. Kuna unene unaotokana na dawa, na kuna wa kurithi. Na mtoto akiwa anakunywa maji sana na kukojoa mara kwa mara, msingoje, huenda ni kisukari. Mara nyingi daktari hatasema mtoto apunguze kilo. Atasema uzito ubaki pale pale huku mtoto anarefuka, mpaka urefu uufikie uzito. Kwa hiyo habari ya kumnyima chakula iondoke kabisa.

Pili, ibadilike nyumba nzima, sio sahani moja. Ukimpa yeye peke yake sukuma wiki na ndugu zake ukawapa chipsi, umemuadhibu. Ziwa letu limetupa ngege na omena. Wapikwe kwa mchuzi badala ya kuogelea kwenye mafuta kila siku. Osuga na apoth ni mboga zetu, bei yake si ghali. Soda ya mililita 300 ina kama gramu 30 za sukari, yaani vijiko vidogo saba hivi. Isiwe kinywaji cha kila siku kwa mtu yeyote nyumbani, hata baba.

Tatu, tucheze naye. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba alishindana mbio na Mtume (S.A.W.) akamshinda. Baadaye, mwili wake ulipokuwa umeongezeka, walishindana tena, na mara hii Mtume akashinda, akacheka akamwambia kwamba sasa wamelipana. Tazameni, hakumtuma akakimbie peke yake. Alikimbia naye. Wataalamu wanasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji dakika 60 za kutumia nguvu kila siku. Sisi kaka na dada tuliorudi likizo tunaweza hilo: kutembea naye mpaka Dunga jioni, kuruka kamba, mpira wa nyuma ya nyumba. Na usiku alale mapema, simu iwekwe mbali.

Nne, mwezi huu mtukufu. Saumu ni ibada, na mtoto ambaye hajabaleghe haijamlazimu. Akitaka kujaribu nusu siku kwa mapenzi yake, atiwe moyo. Lakini asiambiwe afunge ili akonde. Hapo tutakuwa tumemfundisha kwamba ibada ni adhabu ya mwili wake. Na meza zetu za futari tuziangalie: sambusa, kaimati, viazi karai, mandazi, juisi ya sukari, vyote kwa mkupuo mmoja! Tufungue kwa tende na maji, tuswali Magharibi, kisha tukae tule kwa utulivu. Hilo litamfaa mtoto bila kutajwa jina lake.

Ndugu zangu, kama kuna mtoto ana jina la kejeli nyumbani kwenu, leo wakati wa kufuturu muiteni kwa jina alilopewa siku ya akika. Kazi ya kumsaidia ianzie hapo.

Mwenyezi Mungu awape watoto wetu afya na atupe sisi ndimi nzuri. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.