KUSUBU VIPURI VYA VYOMBO VYA ZAMANI: KIPURI KILICHOVUNJIKA KISITUPWE



Tukuyu ni mji wa mlimani, wala hauna bandari. Hata hivyo historia yake haitengani na ile ya Ziwa Nyasa. Wajerumani waliuita Neu Langenburg, kwa kufuata jina la kituo chao cha awali kilichokuwa ufukweni mwa ziwa. Aidha, Kyela yenye bandari ya Itungi ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rungwe kabla ya kuwa wilaya peke yake. Hivyo basi, suala la kufufua vyombo vya zamani linawahusu watu wa Rungwe kama linavyowahusu watu wa pwani na visiwani.

Uzito wa kipuri unaonekana katika historia ya meli mbili. Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Guendolen iliishtukiza meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu huko Sphinxhaven, yaani Liuli. Siku hiyo Waingereza hawakuiteketeza. Waliondoa sehemu za mitambo yake, na meli nzima ikawa haina kazi. Katika Ziwa Tanganyika mambo yalikwenda kinyume. Wajerumani walipoizamisha wenyewe Graf von Goetzen mwezi Julai 1916, mafundi walikwisha kuipaka mitambo yake grisi. Meli hiyo iliopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Panapohifadhiwa vipuri, chombo huweza kufufuka.

Ufundi wa chuma si mgeni katika nyanda hizi. Wakinga wa Milima ya Livingstone waliyeyusha mawe ya chuma wakafua majembe na mikuki, na Wanyakyusa wakawa wateja wao. Lakini kufua si kusubu. Mhunzi hulainisha chuma motoni na kukipiga nyundo. Fundi wa kusubu huyeyusha metali mpaka iwe maji, kisha huimimina ndani ya kalibu.

Kazi huanza na kielelezo. Kipuri cha zamani, hata kikiwa kimevunjika, huunganishwa na kupimwa, kisha huchongwa mfano wake kwa mti. Mfano huo uzidi kipuri kidogo, kwa kuwa metali hunywea inapopoa. Mchanganyiko wa shaba nyekundu na bati hunywea kati ya asilimia 1 na 2. Kipuri cha milimita 300 huhitaji nyongeza ya milimita 4 hadi 5. Mfano hushindiliwa ndani ya mchanga laini wenye udongo kidogo, hutolewa kwa uangalifu, na metali humiminwa mahali pake. Kikisha kupoa, kipuri husafishwa kwa tupa.

Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Sentigredi, na shaba nyekundu kwenye nyuzi 1,085. Tanuri la makaa lenye mvukuto hufikia joto hilo. Chuma huhitaji nyuzi 1,538, na hiyo ni kazi ya kiwanda. Vyungu vya Wakisi vinavyouzwa Matema ni vyombo bora vya jikoni, lakini visitumiwe kuyeyushia shaba. Itumike kalibu maalumu ya kuyeyushia.

Tahadhari ya kwanza ni maji. Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini, na chuma chakavu kilichoachwa nje huwa na unyevu. Tone la maji likifunikwa na metali iliyoyeyuka hugeuka mvuke mara moja, na metali huruka usoni mwa fundi. Vyuma na zana zote zipashwe moto kwanza, na kazi ifanyike juu ya mchanga mkavu, si juu ya sakafu ya saruji. Tahadhari ya pili ni moshi mweupe wa shaba ya njano, utokao kwenye zinki. Huleta homa, na kazi hiyo ifanyike mahali penye upepo. Kwa wakazi wa visiwani iko ya tatu: aluminiamu ikigusana na shaba katika maji ya chumvi huliwa upesi.

Si kila kipuri kinafaa kusubiwa nyumbani. Roda, bawaba, vishikio na fremu za madirisha vinafaa. Rafadha, viungo vya usukani na vali za mvuke havifai bila ya mtaalamu, kwa maana dosari ndogo iliyojificha ndani yaweza kugharimu roho za abiria. Ushauri wa viwanda vidogo hutolewa na SIDO. Ukaguzi wa vyombo ni kazi ya TASAC kwa Tanzania Bara, na Mamlaka ya Usafiri wa Baharini kwa Zanzibar.

Mwisho, wenye vyombo vya zamani na watumishi wanaotunza maghala wanakumbushwa kwamba kipuri kikiuzwa kama chuma chakavu, kielelezo chake hupotea nacho. Kwanza kipimwe, kichorwe na kuhifadhiwa. Kipuri kipya kitapatikana maadamu cha zamani kipo.