Nilivyompiga Picha Mama Yangu

(Mazungumzo ya fundi picha mbele ya wanakisomo)



Mwalimu wenu ameniomba nizungumze juu ya picha nyeusi na nyeupe, zile za mkanda. Mimi nitaeleza habari ya picha moja tu, hii hapa. Huyu ni mama yangu mzazi. Itazameni, kisha muipitishe nyuma.

Baba yangu alifariki bila kuacha picha. Watoto wakiuliza, "Babu alikuwaje?" tunawajibu kuwa alikuwa mrefu, alikuwa na mwanya. Basi. Mtoto haoni kitu katika maneno hayo. Nikasema, mama hataondoka hivyo.

Mara ya kwanza nilikosea. Nilimsimamisha juani saa saba mchana, mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Nilidhani jua kali ndilo picha nzuri. Kumbe! Kipima mwanga cha kamera hakimjui mama. Kiliona ukuta mweupe, kikadhani mwanga umezidi, kikanitaka niupunguze. Nami nikatii. Picha ilipotoka, ukuta ulikuwa wa kijivu na uso wa mama giza tupu. Akaishika, akaigeuza, akaniuliza, "Mwanangu, huyu ni nani?"

Niliona aibu sana.

Ndugu zangu, kosa halikuwa la ngozi ya mama. Kosa lilikuwa langu mimi fundi. Ngozi nyeusi inapendeza mno katika picha hizi, ila mwanga upimwe usoni, siyo ukutani. Sogea na kipimo mpaka uso ukijaze, usome, ndipo urudi nyuma. Halafu punguza mwanga kidogo, maana kipimo hutaka kuufanya kila uso uwe wa kijivu.

Mara ya pili nilingoja saa kumi jioni. Nikamweka mama kwenye kigoda, ndani kidogo ya mlango, ametazama nje. Mwanga ulimwangukia upande mmoja wa uso, polepole, bila jua lenyewe. Nyuma yake giza la nyumba. Mama alitaka kuvaa kanga yake mpya, nyekundu yenye maua ya kijani. Nikamwambia, "Mama, mkanda huu hauna rangi. Nyekundu na kijani zinaweza kutoka kijivu kimoja, maua yasionekane." Akaivaa hivyo hivyo. Tazameni, maua yako wapi?

Mbele ya kamera alikauka kama mti. Nikampa ungo achambue mchele. Mkanda ulikuwa wa picha 12 na ulikuwa ghali, sikufyatua ovyo. Alipoinua uso kumkaripia kuku, nikafyatua.

Kulikuwa na fundi mmoja huko Mali, Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mjini Bamako mwaka 1948. Mara nyingi alipiga watu uani kwa mwanga wa mchana, na mara nyingi kila mtu alipigwa picha moja. Mzee huyo alifariki mwaka 2001, na picha zake watu wa Ulaya na Marekani wanaziweka katika majumba ya makumbusho.

Usiku nilisafisha mkanda ndani ya stoo. Mkanda hautaki hata taa nyekundu, unautia ndani ya kopo lake gizani kabisa kwa kupapasa. Karatasi ndiyo inayovumilia taa nyekundu. Dawa hutakiwa iwe na joto la nyuzi 20. Maji yetu ni ya moto kuliko hayo, kwa hiyo niliyalaza mtungini. Dawa ya kwanza huitoa picha. Ya pili huondoa chembe ambazo hazikupata mwanga, ili picha isiharibike ukiitoa nje. Lakini dawa hiyo nayo ikibaki, picha hugeuka manjano baada ya miaka. Lazima uoshe sana. Nilimaliza madebe matatu, na kisima chetu kiko mbali. Mke wangu akasema, "Baba watoto, leo picha inaoga, sisi je?" Alikuwa na haki. Kesho yake nilibeba maji mimi.

Mtaniuliza, simu je? Simu ni nzuri. Ya kijana wangu ilitumbukia kisimani na picha zote za harusi yake. Mkanda wa mama uko ndani ya bahasha, na karatasi nyingine naweza kuitoa hata leo.

Mama alipoona picha hii ya pili alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Huyu ni mimi. Lakini mbona amefanana na marehemu mama?" Hakuna aliyekuwa na picha ya huyo bibi yetu. Mama alifariki mwaka 2019.

Sasa, picha imefika wapi? Irudisheni mbele. Na tafadhali ishikeni pembeni, jasho la vidole linaiharibu.