Uhai Ndani ya Pakiti: Mazungumzo na Wafugaji na Walaji wa Machochwe



Leo tunazungumzia probayotiki, yaani bakteria wenye manufaa wanaouzwa katika maduka ya pembejeo za mifugo ili wachanganywe katika chakula au maji ya kuku wa nyama. Mnunuzi anapotoa fedha yake, anapata nini hasa?

Tuanze na kuku mnayemfahamu. Kifaranga wa kienyeji huanguliwa chini ya mama yake, akafuatana naye uani na kudonoa anapodonoa mama. Kwa njia hiyo hupokea bakteria wema, nao hutangulia kukaa utumboni. Kifaranga wa nyama huanguliwa katika mashine. Hana mama wa kumrithisha. Utumbo wake ni kama nyumba isiyo na mwenyewe, na vijidudu vya maradhi vikitangulia kuingia, kuvitoa ni kazi. Mwaka 1973 watafiti wawili wa Ufini, Nurmi na Rantala, walionyesha kwamba vifaranga waliolishwa vijidudu vya utumbo wa kuku wakubwa wenye afya walistahimili zaidi maambukizo ya salmonela. Bidhaa nyingi za leo zimejengwa juu ya wazo hilo.

Hata hivyo, probayotiki si dawa. Haitibu kuhara damu, wala haichukui nafasi ya chanjo ya kideri na ya gumboro. Banda lenye unyevu, maji machafu na msongamano wa vifaranga havirekebishwi na pakiti yoyote. Muuzaji akiwaahidi kwamba bidhaa yake inaponya kila ugonjwa, mwacheni nayo.

Kumbukeni pia kwamba mnanunua viumbe hai. Wakishakufa, mmelipia unga mtupu. Kwa hiyo someni lebo kabla ya kulipa:

Kwanza, jina la bakteria, kwa mfano Lactobacillus au Bacillus, na idadi ya walio hai katika kila gramu.

Pili, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo.

Tatu, masharti ya kuhifadhi. Bacillus hujifunga katika ganda gumu linalostahimili joto. Lactobacillus hudhurika upesi zaidi. Pakiti iliyoanikwa juani mbele ya duka msiichukue.

Nne, jina na anwani ya mtengenezaji, pamoja na kipimo cha kutumia.

Mkifika nyumbani, msiichanganye na maji ya moto wala yenye klorini, na msiitoe pamoja na antibayotiki, kwa kuwa nyingi kati yake huwaua bakteria hao hao mliowalipia.

Mnaweza pia kuipima bidhaa wenyewe. Mwenye vifaranga 100 awagawe 50 kwa 50 katika vyumba viwili vinavyofanana, chumba kimoja kipewe probayotiki na kingine kisipewe. Aandike chakula kilicholiwa, vifo, na uzito siku ya kuuza. Arudie kwa kundi linalofuata. Ikiwa faida haifikii bei ya pakiti, daftari lake limemjibu.

Jambo hili linamhusu mla kuku pia. Wapo wanaotumia antibayotiki ili kuku wanenepe upesi, na matumizi hayo huzalisha vijidudu visivyosikia dawa, hata kwa binadamu. Umoja wa Ulaya uliyapiga marufuku tangu tarehe 1 Januari 2006. Mfugaji anayetunza utumbo wa kuku kwa usafi, chanjo na, inapofaa, probayotiki, huhitaji dawa mara chache. Akilazimika kuitumia kwa ushauri wa daktari wa mifugo, na angoje siku zilizoandikwa kwenye lebo kabla ya kuuza. Nanyi wanunuzi muulizeni bila haya: kuku huyu alipewa dawa lini?

Mwisho, daini risiti na mhifadhi pakiti tupu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani. Lalamiko lenye risiti na namba ya toleo lina pa kuanzia. Lisilo navyo huishia kuwa neno lenu dhidi ya neno la muuzaji.