Parseli ya mtu asiyekuwepo

Mmeniomba niseme namna kazi ya komisionere imenipokea hapa Kamina.

Nyumba tatu za kwanza zilikuwa za kupangisha. Mpangaji alilipa garanti, mimi nikala komisyo, nikaanza kujiona patron! Halafu ikaja parseli ya kuuza, karibu na njia ya reli. Muuzaji alikuwa na fishi ya kartye yenye kashe. Bei ilikuwa chini. Nikakimbia kuleta mnunuzi, akatoa avansi, nikaishika mimi.

Ndipo nikaenda kuuliza majirani, kazi niliyopaswa kuifanya mbele ya yote. Mama mmoja akaniambia: «Mwanangu, mwenyewe alikimbia vita. Iko muzima.»

Mimi pia nilikimbia. Niliporudi nilikuta watu ndani ya nyumba yetu. Na ni mimi nilitaka kumfanyia mwenzangu vile! Avansi niliirudisha. Muuzaji hata leo hanisalimie.

Sheria ya udongo ya 1973 inataka sertifika ya anrejistrema. Fishi haitoshi. Na mtu akiipata ile sertifika kwa udanganyifu juu ya parseli yako, una miaka 2 tu ya kudai urudishiwe. Kisha unabaki kudai malipo. Basi aliye na ndugu ambaye hajarudi, aje tuende pamoja kwa biro ya konservatere kuangalia. Hapo sitaomba komisyo.