Herufi Zisizoonekana

Msikilizaji, umefungua orodha ya wateja kwenye kompyuta. Jina Asha unaliona kwa macho yako. Unaiagiza programu imtafute Asha, inakujibu hayupo. Unaiuliza jina lile lina herufi ngapi, inasema tano. Haya, hesabu mwenyewe: A, s, h, a. Nne!

Ya tano ipo, ila haina umbo wala upana. Katika Unikodi, mfumo unaoipa kila herufi namba yake, hiyo ni nafasi isiyo na upana, U+200B. Mara nyingi huingia mtu anaponakili maandishi kwenye tovuti na kuyabandika kwingine. Nayo kompyuta hailinganishi sura, inalinganisha namba.

Wengi hapo hukimbilia amri ya kupunguza nafasi za pembeni: strip katika Python, trim katika JavaScript. Amri hizo huondoa hata ile nafasi isiyokatika, U+00A0, lakini U+200B huiacha pale pale, kwa kuwa Unikodi haiihesabu kuwa nafasi tupu. Imeiweka kwenye kundi la alama za mpangilio, Cf. Basi itaje kwa namba yake, uiondoe. Mwenzake ni U+FEFF, anayejibanza mwanzoni mwa faili na kuharibu jina la safu ya kwanza ya jedwali.

Sasa usije ukafyeka kundi zima la Cf. Humo mna U+200C, ambayo Kiajemi hakiandikwi sawasawa bila yake. Mna U+200D, inayowaunganisha baba, mama na mtoto kuwa emoji moja ya familia; ifute uone familia inavyosambaratika, kila mtu kivyake. Kwenye namba ya simu sina huruma: bakiza tarakimu na alama ya jumlisha, mengine yote nje. Ujumbe wa mtu ni habari nyingine, huo unachagua cha kutoa.

Halafu kuna alama zinazogeuza mwelekeo wa maandishi, kama U+202E. Mwaka 2021 Nicholas Boucher na Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba kwa alama za aina hii, mkaguzi anaweza kusoma msimbo mmoja na kompyuta ikatekeleza mwingine. Ukizikuta ndani ya msimbo, usizifute kimyakimya. Simamisha kazi, onyesha namba ya mstari, kisha mwite aliyeuandika aje aeleze zilifikaje pale.