Watoto wa Januari 2028 Tayari Wanajulikana

Msikilizaji, kila Desemba Dar es Salaam hupita agizo lilelile: madarasa yakamilike kabla shule hazijafunguliwa. Mkuu wa wilaya anakagua, mafundi wanapiga lipu mpaka usiku, mkurugenzi anahojiwa kuhusu madawati. Januari watoto wanaingia, picha zinapigwa, na suala linalala hadi Desemba nyingine.

Nawaheshimu wanaokesha kwenye saiti hizo. Lakini mtoto anayeanza darasa la kwanza Januari alizaliwa miaka sita iliyopita. Alipimwa uzito kliniki, akachanjwa, na mjumbe wa shina anamfahamu kwa jina. Ujio wake hauwezi kuitwa dharura. Ni hesabu ambayo halmashauri haikuifanya mapema.

Hesabu hiyo imetushinda mara mbili ndani ya miaka 15. Ada ya shule za msingi ilifutwa 2001, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukaanza 2002, uandikishaji ukapaa. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ukapaa tena. Nautetea uamuzi wa mara zote mbili, kwa sababu uliwaingiza darasani watoto waliokuwa wamebaki nyumbani kwa kukosa michango. Ila vyumba, walimu na vyoo vilikuja nyuma yao, tena kwa kuchechemea. Hata ruzuku ya uendeshaji, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, ni kiwango cha enzi za MMEM kilichorudiwa vilevile mwaka 2016, kana kwamba boksi la chaki halijapanda bei.

Pita kwenye shule ya zamu mbili kule Mbagala au Chanika, saa sita na nusu mchana. Wa asubuhi hawajatoka, wa mchana wameshafika. Wamejibanza kwenye kivuli cha ukuta, mabegi miguuni, wengine wamekalia ndoo walizoagizwa kuja nazo za maji. Kengele ikigongwa, mlango mmoja unapitisha makundi mawili yanayosukumana, moja linatoka, jingine linawahi dawati, kwa sababu atakayechelewa ataandikia magotini. Kiwango chetu wenyewe kinasema wanafunzi 45 kwa chumba. Mwalimu aliye mbele ya mara mbili au tatu ya idadi hiyo hawezi kusahihisha kila daftari, hata awe na moyo wa namna gani.

Kwa mji unaokua, jambo zito kuliko tofali ni ardhi. Chumba cha darasa kinaweza kusimama kwa miezi michache. Eneo likishauzwa, limekwenda. Pembezoni mwa jiji letu shamba la mtu linakatwa viwanja, mauziano yanaandikwa ofisi ya serikali ya mtaa, muhuri unagongwa, na hakuna anayeuliza watoto wa wanunuzi hao watasoma wapi. Baada ya miaka kumi nyumba zimejaa, halmashauri inatafuta ekari mbili za kununua kwa bei ya mjini, na mtoto anapanda daladala mbili kwenda shule, akiwabembeleza makonda wanaokwepa nauli ya mwanafunzi. Maeneo ya katikati ya jiji, yasiyo na nafasi tena, shule za ghorofa ndiyo njia, na nafurahi kuona zimeanza kujengwa. Lakini huko pembeni, ambako bado kuna mashamba, kutotenga eneo leo ni kumnyima shule mtoto ambaye hajazaliwa.

Sasa upo mtihani ambao tarehe yake inajulikana. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, nayo elimu ya msingi ikapunguzwa hadi miaka sita. Waliokuwa darasa la tatu mwaka huo watamaliza darasa la sita mwaka 2027, na mwaka huohuo wenzao wa mtaala wa zamani watamaliza la saba. Mikupuo yote miwili inatakiwa kuingia kidato cha kwanza Januari 2028. Tena Sera ya Elimu, toleo la 2023, inafanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi, kwa hiyo hatutegemei kwamba wengine wataishia njiani. Mkupuo huo utapanda kidato hadi kidato, na kila mwaka utahitaji vyumba, maabara na walimu wa hisabati na sayansi.

Upande wa pili, shule za msingi zitakuwa na madarasa sita badala ya saba. Vyumba vitakavyoachwa na darasa la saba vitatumikaje? Vitapunguza zamu ya mchana, au vitapokea kidato cha kwanza pale ambapo sekondari iko jirani? Jibu litatofautiana kati ya kata na kata, nalo liandikwe sasa, lipitishwe na baraza la madiwani na lifungamanishwe na bajeti ya kila Julai, ili mkurugenzi akihamishwa mpango usihame naye.

Ndugu msikilizaji, mkutano ujao wa wazazi usiishie kwenye mchango wa uji. Waombe mwalimu mkuu na kamati ya shule wawasomee mpango wa maendeleo wa shule yenu, kisha umuulize diwani wako mbele ya watu: kidato cha kwanza cha 2028 katika kata yetu kitakaa wapi, na eneo hilo lina hati?