Mtoto Njiti na Joto la Mamaye

Leo twataka kuzungumza juu ya mtoto azaliwaye kabla ya siku zake, ambaye wengi humwita njiti. Twawaomba akina baba wasiondoke kwa kudhani ya kuwa neno hili ni la wanawake peke yao, litawafikia.

Mimba hutimia kwa kadiri ya majuma 40. Azaliwaye kabla ya majuma 37 kutimia hajakomaa, na yule asiyefika kilo 2 na nusu huhesabiwa kuwa na uzito mdogo. Watoto hawa wana adui wengi, lakini mmoja huja mapema tena kimya, naye ni baridi.

Labda mtu atasema, "Baridi gani, nasi twakaa katika nchi ya joto?" Basi na ajaribu hivi. Apike uji, mwingine autie kikombeni, mwingine auache chunguni. Baada ya kitambo ataona wa kikombe umepoa, na wa chungu ungali moto. Njiti ni kile kikombe: mwili wake ni mdogo, ngozi yake nyembamba, na mafuta ya kumhifadhi chini ya ngozi ni haba. Akipoa hulegea, akilegea hanyonyi, asiponyonya hana nguvu ya kujitia joto. Ndivyo maisha yanavyomtoka.

Wengi wetu tuliolelewa vijijini twakumbuka jinsi njiti alivyofungwa nguo juu ya nguo, akalazwa peke yake karibu na moto. Haukuwa ukatili; watu walitenda kama walivyojua. Lakini nguo haina joto lake yenyewe. Huhifadhi lililopo tu. Na moto huunguza upande mmoja, hujaza nyumba moshi, kisha huzimika alfajiri.

Hospitali kubwa hutumia sanduku lenye joto. Ni chombo chema, ila ni ghali, na hakitoshi watoto wote. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, watoto walizidi masanduku, hata wakalazwa zaidi ya mmoja pamoja, wakaambukizana maradhi. Ndipo Daktari Edgar Rey Sanabria alipowarudisha kwa mama zao, wawekwe kifuani, ngozi kwa ngozi. Malezi hayo yakaitwa ya kangaruu, kwa jina la mnyama wa Australia abebaye mtoto wake katika mfuko wa tumboni.

Kwa miaka mingi madaktari walingoja kwanza hali ya mtoto itulie. Mwaka 2021 yakatangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto wa kilo 1 hata karibu kilo 1.8. Katika siku 28 za kwanza, kati ya kila 100 waliongojewa walikufa kama 16; kati ya kila 100 waliowekwa kifuani tangu saa za kwanza, walikufa kama 12. Tofauti hiyo ya watoto 4 si kitu kidogo kwa mama zao. Basi mwaka 2022 Shirika la Afya Ulimwenguni likashauri malezi haya yaanze mara baada ya kuzaliwa, isipokuwa kwa mtoto mahututi, kama asiyeweza kupumua mwenyewe.

Na njia yake ni hii. Mtoto avikwe kofia, soksi na winda tu. Asimamishwe wima katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande na shingo imenyooka kidogo, pumzi isizibwe. Kisha afungwe kwa kanga imara, na mama avae nguo yake juu. Akae hivyo saa 8 hata 24 kila siku, akipewa maziwa ya mamaye. Asiyeweza kunyonya hukamuliwa. Akizaliwa nyumbani, apelekwe hospitali upesi, na njiani abebwe kifuani vivyo hivyo. Akiacha kunyonya, akiwa baridi, akipumua kwa shida au akishikwa na degedege, mganga aambiwe mara moja.

Sasa twarudi kwenu, akina baba. Nani atakayechota maji, kukata kuni na kupika, mama akiwa amemfunga mtoto usiku na mchana? Na mama akitaka kuoga au kulala, nani atakayempokea? Kifua cha baba kina joto pia, na cha bibi kadhalika. Mama aachiwaye kazi zote atamlaza mtoto kitandani, si kwa kutompenda, bali kwa kuelemewa.

Wasikilizaji, ukubwa wa mtoto usitukatishe tamaa. Tusimlaze pembeni tukingoja kuona kama ataishi. Tumweke kifuani ili aishi.